Niko Likizo na Familia Yangu

Mama Redio, jirani wa ukuta kwa ukuta, anasema alimwona kwa macho yake mwenyewe. Anasema Fundi, mke wa Dokta, alisimama nyuma ya nyumba kwenye kamba ya nguo, simu sikioni, akinong'ona: "Usijali, kaka. Akitoka bafuni nitamlainisha, kesho nikupe jibu." Tena eti alicheka kimahaba. Hapo kwenye mahaba ndipo alipotia chumvi. Mengine yote yalikuwa kweli.

Habari haikulala. Asubuhi wifi yake, dada wa Dokta, alikuwa mlangoni, mfuko wa viatu vya kuuza begani, hata salamu hakutoa.

"Wifi, huyo kaka unayemwahidi majibu ni nani?"

Fundi alikuwa kwenye cherehani, pini mdomoni. Akazitoa moja moja.

"Kaa kwanza, wifi."

"Sikai! Chuo kimefungwa, kaka yangu yuko nyumbani akae na wewe, halafu wewe unajificha kwenye kamba za nguo na wanaume?"

"Akae na mimi?" Fundi alicheka kicheko kikavu. "Kaka yako amejifungia na kompyuta tangu likizo ianze. Nikitaka kumwona napiga hodi. Chumbani kwangu mwenyewe, wifi!"

Simu ikaita. Namba ngeni. Wifi aliidaka, akaipandisha sauti ili wote wasikie.

"Haloo, mama, samahani kwa usumbufu," alisema kijana. "Dokta ameshasoma sura yangu ya tatu?"

Wifi akatoa macho. "Sura ya nani?"

"Ya utafiti wangu. Jana si uliniambia akitoka bafuni utamlainisha?"

Wifi akakaa, safari hii bila kukaribishwa.

"Ndio hao wanaume wangu," Fundi alisema. "Wanafunzi wake. Wanapiga hadi nachoka, na kuwafukuza siwezi, nawaonea huruma. Kwani wewe kijana, namba yangu ulipewa na nani?"

"Na Dokta mwenyewe, mama! Ukimwandikia barua pepe linarudi jibu alilolitega, linajituma lenyewe. Linasema: Niko likizo na familia yangu, sitajibu. Kwa jambo la haraka, piga namba hii. Ndiyo hii yako."

"Likizo na familia," Fundi alirudia taratibu. "Familia gani hiyo, wifi? Maana mimi sijaalikwa."

Mlango wa chumbani ukafunguka, Dokta akachungulia. Juu shati la kola lililopigwa pasi, chini kaptula ya kulalia.

"Jamani, punguzeni sauti. Niko kwenye kikao."

"Kikao gani, na wewe uko likizo? Namba yangu umewagawia watu, hata kuniuliza hukuniuliza?"

Dokta akashusha sauti. "Mke wangu, nilitafuta upenyo nami nipumue. Wangenipigia mimi, makala yangu ningeimaliza lini?"

"Na haya magauni ya watu namaliza lini?"

"Lakini wewe si uko nyumbani tu?"

"Kaka," wifi alisema, "hilo neno lirudishe haraka."

Hakulirudisha. Fundi akasimama, vipande vya kitambaa vikamwagika chini.

"Nijibu moja. Kesho tunakwenda kwa mama, au hatuendi?"

"Tunakwenda. Ila tusogeze mbele kidogo, wiki ijayo nitakuwa mwepesi..."

"Kila likizo wiki ijayo! Mama ametolewa ukungu machoni hospitalini. Siku ya harusi yetu alikuona kivuli tu. Sasa anataka kumwona mkwe wake, nikamwambie asubiri makala?"

Ndani kompyuta ikalia. Dokta akageuza shingo.

"Nipe dakika kumi, mke wangu."

Mlango ukafungwa.

"Mama?" Kumbe kijana alikuwa bado hewani. "Nipige baadaye?"

"Piga, mwanangu. Ila si kwangu."

Wifi akakata simu, akabaki ameishika. "Na simu hii unayopokelea kazi za wateja ina pa kutega jibu, wifi. Mimi hutega nikifuata mzigo wa viatu. Niandike nini?"

Fundi akamwambia.

Kesho yake aliondoka peke yake. Alikuwa jikoni kwa mama yake ujumbe wa kwanza wa Dokta ulipoingia: "Umefika salama?"

Simu ikajibu yenyewe: "Niko likizo na familia yangu, sitajibu. Kwa jambo la haraka, piga namba hii."

"Mke wangu, hii namba ni yangu!"

Fundi akamenya kitunguu.

"Kuna mama kanipigia, kiuno cha gauni kinambana. Nimwambie nini?"

Fundi akakoroga mboga.

"Mwingine yuko mlangoni, hatoki bila sketi yake. Sketi ipi? Fundi, wanakuja wengi!"

Mama yake alikuwa ameishika picha ya harusi, anaisogeza na kuirudisha. "Kumbe mkwe wangu ana masikio makubwa namna hii? Mbona hukuniambia?"

Fundi akacheka, machozi yakamlengalenga.

Jioni ukaingia ujumbe mwingine: "Kompyuta nimempa dada aondoke nayo. Wanafunzi nimewajibu mwenyewe, namba yako nimeitoa. Naomba nije kesho. Nimwone mama, naye anione."

Fundi akalifuta lile jibu la kutegwa. Sasa kama kuna la kujibiwa, atalijibu yeye mwenyewe.

"Ni yeye?" mama aliuliza, macho mapya yamemganda usoni. "Anasemaje?"

Kidole cha Fundi kilikuwa juu ya herufi, kati ya "njoo" na "wiki ijayo", hakishuki.