Kipenga na Kura ya Bunge la Shule

Kila asubuhi Kipenga alifika shuleni mapema, na sauti yake ilisikika kabla hajaonekana. Ndiyo iliyompa jina hilo. Kundi lake lilipopata viti vingi katika bunge la wanafunzi, wabunge walimchagua awe waziri mkuu. Kichwa kikamvimba! Siku hiyohiyo akatangaza kwamba wakati wa mapumziko, wakubwa watakunywa maji bombani kwanza. Wadogo wangoje.

Hakumwuliza waziri wake hata mmoja. Wadogo wakarudi darasani na kiu, na bunge likasema kesho litapiga kura ya kumwondoa.

Kipenga akachanganyikiwa. Si yeye ndiye mkubwa? Akamkimbilia rais wa wanafunzi, kijana mrefu anayevaa utepe siku za wageni.

“Kaka, nitetee! Wazuie hao!”

“Mimi tena? Kazi yangu ni kupokea wageni na kutia saini mliyokubaliana. Kura ni ya wabunge.”

“Sasa mkubwa ni nani, wewe au mimi?”

“Dada, usinichanganye mimi pia.”

Jioni akaisukuma sahani yake pembeni. Shangazi yake, karani katika bunge la nchi, akamwuliza, “Mwanangu, mbona umenuna hivyo?”

Kipenga akamweleza yote. “Lakini shangazi, nilichaguliwa! Wataniondoaje?”

“Nani alikuchagua?”

“Wabunge.”

“Haya, basi hao hao wanaweza kukuondoa. Mawaziri wako uliwauliza?”

“Kwani waziri mkuu anauliza?”

“Loo! Anauliza, anasikiliza, wanaamua pamoja. Kisha anasimama bungeni kujibu, hata swali likimchoma.”

Kipenga alilala bado haelewi vizuri. Asubuhi akawaita mawaziri wake, wakabishana weee, mwisho wakakubaliana: foleni moja, anayewahi anakunywa kwanza.

Bungeni, mbunge wa darasa la kwanza akasimama. “Dada, wewe ukishikwa na kiu, unamngoja nani?”

Kipenga akaona aibu kweli. “Simngoji mtu. Nilikosea, niliamua peke yangu. Samahanini.” Akaeleza uamuzi mpya. Kura zikapigwa, akaponea chupuchupu.

“Shangazi, nimebaki!” alipiga kelele alipofika nyumbani.

“Hongera, mama. Umebaki kwa sababu umewasikiliza na umewajibu. Cheo hicho si chako, ni imani yao. Kesho watakuuliza tena, na utasimama tena.”

“Kila siku?”

“Ndiyo kazi yenyewe hiyo.”