Taa ya Kutafuta Kosa

Taa iliwaka bila mtu kuigusa.

Ilikuwa juu ya meza ya Callixte, nyaya zake mbili zikining'inia hewani, na Epiphanie, mke wake, alikuwa amesimama mlangoni na sufuria ya maharagwe ya mchana. Iliwaka mara moja, nyekundu kama jicho la mtu aliyelia, ikazimika. Callixte, ambaye hakukosa maelezo ya jambo lolote, alisema ni betri.

Ilikuwa ofisi ya mgodi mmoja wa Walikale, mwaka wa 1956, yenye mashine ya umeme iliyohesabu magunia ya madini. Callixte ndiye aliyeiendesha. Alikuwa mtoto wa wafugaji wa Burungu, aliyefukuzwa seminari lakini bado akitembea kana kwamba kuna maandamano ya ibada nyuma yake. Mashine ilipoanza kukwama, fundi Mzungu alimwachia ile taa na Kiswahili chake kibovu: gusa huku, gusa kule, ikiwaka umefika penye kosa. Alitaka kusema panne, yaani hitilafu ya mashine. Lakini kwa watu wa katekisimu kosa ni lile unalompelekea padri ukiwa umepiga magoti. Straton, mbeba magunia, aliinama karibu na mashine siku hiyo, taa ikawaka penye kiwiko chake, na Callixte akasema kwa sauti, "Kosa iko hapa." Wachimbaji waliokuwa dirishani hawakufikiria waya.

Angeweza kuwasahihisha. Ila walikuwa wamemtazama kwa woga, na hakuna aliyewahi kumtazama hivyo. Straton alichapwa kiboko kwa kosa ambalo hakutajiwa, na fimbo ya mwisho ilipotua, mashine iliyokuwa imekufa tangu asubuhi ikaanza kuzunguka.

Hivyo ndivyo ilivyojifunza kula.

Tangu hapo, kila ilipokwama, mtu aliitwa, taa ikawaka, mtu akachapwa, mashine ikapona. Ofisi ilianza kunuka nywele zilizoungua. Wafagiaji walinong'onezana kwamba mule ndani kuna jini, kwamba hata umeme ukiwa umezimwa wamesikia kitu kikisaga polepole kama ng'ombe anayecheua, na kwamba kitu hicho, ukisogea mlangoni, kinanyamaza kama mtu anayesikiliza jina lako. Mmoja mmoja wakatorokea kijiji cha Hombo. Mkuu wa mgodi akamwambia Callixte kwamba mashine ikikwama tena atateremka shimoni na sururu kama wengine.

Ilikwama mchana wa mvua, ofisi ikiwa na giza kama pango, na mtu pekee aliyeingia alikuwa Epiphanie na chakula, mwenye mimba ya miezi saba.

"Kuja karibu," Callixte alimwambia kwa upole.

Epiphanie aliziona nyaya mkononi mwake, akamwita kama alivyozoea kumwita mumewe. "Papa, hapana miye. Niko na mutoto ndani."

"Ni kuangalia tu. Kama hauna kosa, unaogopa nini?"

Taa iliwaka kabla nyaya hazijamgusa. Callixte aliitazama kwa muda ambao mume mwingine angeutumia kuivunja. Akakumbuka shimo lile jeusi, maji yake, na wanaume wanaotoka humo wakikohoa matope, akaliona tumbo la mkewe likiwa jekundu kwa mwanga, akasikia ndani ya chuma kile kusaga kukianza taratibu kwa uchu, na badala ya kumkumbatia akafungua dirisha na kumwita Faustin, polisi wa kambi. Sheria ilikataza kumchapa mwanamke. Faustin alikumbusha hilo mara moja, kwa sauti ndogo, kisha akamtoa nje na kuchukua kiboko.

Mashine ilizunguka vizuri kuliko siku zote.

Epiphanie alirudi ndani akijishikilia ukutani, damu ikimchirizika miguuni. Hakulia. Alizichukua nyaya mezani akamgusa Callixte kifuani. Taa haikuwaka. Akamgusa tena, shingoni, mdomoni. Giza tupu.

Callixte alicheka. "Unaona? Kwangu haina kosa."

"Ile taa inatafuta," alisema Epiphanie. "Kwako haitafute. Ilishafika."

Akaziachia nyaya, akatoka kwenye mvua kushika njia ya Masisi. Callixte alitaka kumwita, amwombe msamaha. Alifungua kinywa, na sauti tulivu isiyokuwa yake ikamwambia Faustin amrudishe yule mwanamke, kwa sababu mashine bado haijashiba.