Wimbo wa Matikiti

Bibi Koka alikuwa akipasua kokwa za mongongo kwa jiwe. Mjukuu wake, naye jina lake Koka, alizila haraka kuliko zilivyopasuliwa. Huku kwetu Kalahari mjukuu hupewa jina la bibi yake, na wawili hao hutaniana watakavyo.

"Tumbo lako halina mwisho, somo yangu," alisema bibi.

Akaja Asa, mwanamke wa kijiji cha jirani, na kinasa sauti mkononi. Kazi yake ni kuhifadhi nyimbo zetu. Bibi aliacha kupasua.

"Nani kakutuma?"

"Hakuna, mama. Naomba wimbo wa pofu."

Pofu ni mnyama wetu mkubwa wa porini. Wimbo wake wanawake humwimbia msichana anapovunja ungo. Hauna maneno, ni sauti na makofi tu.

"Wageni wa zamani nao waliomba," alisema bibi. "Wakabeba, wakaenda zao. Afadhali niliwapa ule wa mchezo wa kurushiana matikiti, nikasema ndio wa pofu!" Akacheka mpaka akakohoa.

Koka hakucheka. Alipiga makofi, akaimba. "Ni huu, bibi?"

"Ndio huo. Nani kakufundisha?"

"Mwalimu, kautoa redioni. Wasichana wote tunajua ndio wa pofu. Siku yangu ikifika mtaniimbia matikiti?"

Wanaoujua ule wa kweli ni wazee tu, na vifua vyao vimechoka.

"Wimbo ni wenu, mama," alisema Asa. "Mnaamua nyinyi nani ausikie. Mkisema wanaume wasiusikie, hawatausikia. Redio haipewi. Chombo kinabaki hapa kwenu, na msichotaka hakirekodiwi."

"Maneno matamu hayo. Na nikisema futa?"

"Unafuta mwenyewe. Bonyeza hapa."

Bibi aliimba kidogo, akabonyeza. Akaweka chombo sikioni. Kimya. Akakitikisa, akasikiliza tena. Ndipo akawaita wanawake wenzake. Walibishana sana, wakakubaliana, wakaimba wimbo wote kwenye chombo huku wasichana wakifuatisha.

Mvua za kwanza ziliponyesha, Koka alivunja ungo, akalazwa kibandani, amefunikwa blanketi. Msichana wa siku hiyo haruhusiwi kusema. Bibi alikuwa mgonjwa wa kifua, hakuweza kuimba. Alikaa mlangoni, katega sikio kama anayemvizia mwizi. Wasichana waliimba mpaka mwisho. Hakupata kosa.

Akaingia ndani, akainama.

"Somo yangu," alinong'ona, "hakuna tikiti hata moja."

Blanketi likaanza kutikisika kwa kicheko.