Betri Isiyoaga

Jirani zangu, sogeeni niwasimulie ya nyumba ya Mng'aro, ile inayotazamana na cherehani yangu. Yaliyowapata wao yanaweza kumpata yeyote anayependa kusifiwa.

Ilikuwa nyumba ya raha. Mume anabeba abiria kwa pikipiki, mke ni msusi, anasukia barazani, na kutwa nzima wanataniana. Mume tulimwita Mng'aro kwa sababu aliipangusa pikipiki yake kuliko alivyopangusa uso wake. Mke alikuwa na mimba pevu, na nesi alikwisha kumwonya: "Uzazi wa kwanza ulikusumbua sana. Safari hii uchungu ukianza tu, njoo hospitali."

"Wasiwasi wa nini?" Mng'aro alikuwa akijigamba. "Usafiri uko mlangoni! Mke wangu atafika kabla ya huo uchungu wenyewe."

Basi betri ya pikipiki ikazeeka. Honi ikawa inakohoa, taa inasinzia. Mume na mke wakaenda kwa fundi wa pikipiki, nami nilikuwa mlango wa pili nanunua uzi, kwa hiyo niliyasikia yote. Fundi akaweka betri mbili mezani.

"Hii ya kawaida, ya tindikali, ni nzito lakini ina adabu," akasema. "Ikitaka kufa inakuaga. Taa inafifia, stata inavuta kwa uvivu, unajua. Hii ya lithiamu ni nyepesi, ina nguvu, na ukiitunza inadumu. Ila ukiinyonya mpaka mwisho inajizima ghafla ili ijilinde. Haiagi."

"Mume wangu, tuchukue inayoaga," mke akasema. "Na hali hii niliyonayo sitaki mambo ya ghafla."

"Mama watoto, wenzangu kijiweni wote wataniona nimebeba tofali! Fundi, funga lithiamu."

"Sawa, si mbaya hata kidogo," fundi akamjibu. "Lakini usiitundikie miziki. Na kiki yako ibaki hapo hapo."

Mng'aro aliitikia, "Ndiyo, ndiyo," huku anaipapasa betri mpya. Mnajua ile ndiyo ya mtu asiyesikia? Hiyo hiyo.

Wiki haikuisha. Akafunga spika mbili na taa za rangi. Kisha akachukua spana, akaifungua kiki, kile chuma cha kuwashia kwa mguu, akakitupa nyuma ya nyumba. "Pikipiki ya kisasa haipigwi teke," akatangaza. "Ni kubonyeza tu!" Mkewe alikiokota kile chuma, akakifanya komeo la banda la kuku.

Kila jioni Mng'aro alizima injini ili isiharibu wimbo, akafungulia muziki. Watoto wa mtaa walikuja kucheza, na wakubwa pia. Nami nilitoka na futi yangu shingoni nikayarudi. Sitadanganya, ilikuwa tamu.

Asubuhi moja msusi alikuwa katikati ya kichwa cha mteja, upande mmoja umesukwa, upande mwingine umesimama kama ufagio. Ghafla akashika ukuta.

"Baba watoto, tayari. Twende."

Mng'aro akampandisha haraka, akabonyeza. Kimya. Akabonyeza tena. Hakuna taa, hakuna mlio, hakuna hata kikohozi. Ngoma ya jana ilikuwa imeinyonya betri yote, nayo ikajifunga bila kuaga.

Tukamshusha mama wa watu, tukaisukuma pikipiki ili iwake. Njia yetu ni ya mchanga, gurudumu likawa linaburuza tu. Tukawapigia simu wenzake. Yule yuko ng'ambo ya mto, huyu ana abiria. Msusi akalia kilio ambacho sijawahi kumsikia akikilia, na hapo mzaha ulituisha wote. Mng'aro alikuwa anabonyeza huku machozi yanamtoka. Mimi niliogopa, jamani. Niliogopa kweli.

"Kuku!" msusi akapiga kelele.

"Kuku gani tena, mke wangu?"

"Fungua banda la kuku!"

Tukatazamana, tukadhani uchungu umempanda kichwani.

"Komeo lake, wewe mwanamume! Komeo!"

Mng'aro aliruka kama aliyemwagiwa maji ya moto. Kuku wakatoka, wakatapakaa uwanja mzima, na yeye huyo anarudi na kiki yake mkononi. Pikipiki kama yake huwaka kwa mguu hata betri ikiwa imekufa. Akaifunga, akapiga mara ya kwanza, wapi. Ya pili, ikaguna. Ya tatu ikanguruma, na sote tukashangilia, kuku nao wakapiga kelele zao. Mteja wa nusu kichwa akaruka nyuma kumshikilia msusi, wakaondoka.

"Mngekawia kidogo, tungekuwa tunasema mengine," nesi aliwaambia baadaye. Mtoto alikuwa wa kike, mzima, mwenye sauti ya honi mpya. Mtaa mzima tunamwita Kiki.

Fundi aliichaji ile betri kwa chaja yake maalumu, ikaamka. Spika Mng'aro alizifungua kwa mkono wake mwenyewe. "Sasa unataka betri ipi?" fundi akamuuliza.

"Muulize huyu," akajibu, akamwonyesha mkewe.

Msusi akacheka. "Ibaki hii hii. Yenyewe haina kosa. Ila mnitafutie komeo la kuku."

MAFUNZO

Ndugu zangu, lithiamu ni nzuri na ile ya kawaida ni nzuri. Kibaya ni kununua kitu kwa ajili ya macho ya kijiwe ukasahau watu wa nyumbani. Kabla hujachagua, msikilize fundi mpaka amalize, na muulize atakayekitegemea siku ya shida. Tena wazee walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Kipya kikija, cha zamani kiwekeni karibu. Si kila mtu ana mke anayeokota alichotupa.