Neno Jekundu Kwenye Kopo la Gundi

Fundi wa makochi alikuwa na karakana mbele ya nyumba yake. Ilikuwa chumba kimoja chenye dirisha moja. Ndani mlijaa sponji, vitambaa, misumari midogo na viti vilivyovuliwa nguo. Mke wake alishona mifuniko kwa cherehani. Binti yao wa miaka kumi na miwili akitoka shule alikaa juu ya rundo la sponji, akaandika kazi zake hapo.

Fundi hakusoma sana. Kiswahili alikisoma polepole, kwa kidole. Kiingereza kilimpiga chenga. Karatasi yoyote ya Kiingereza alimpa binti yake.

"Mkalimani, njoo kazini," aliita.

Binti alisoma, akafasiri. Baba akajivuna mbele ya wateja. "Huyu akisoma, hata kopo linajibu."

Siku moja gundi aliyoizoea haikuwepo dukani. Alinunua ya aina nyingine. Ile ya zamani aliipaka uani siku zote, kwa sababu muuzaji alimwonya kuhusu moto. Lakini siku hiyo mvua ilinyesha tangu asubuhi, na kazi ilikuwa imechelewa.

"Mkalimani, hebu tazama. Hii nayo inashika moto?"

Binti aligeuza kopo. Karatasi ya bei ilikuwa imebandikwa katikati. Chini yake palikuwa na maneno mawili mekundu: *Highly inflammable*.

Neno la kwanza alilijua. Maana yake ni "sana". La pili hakuwahi kuliona. Lakini wiki ile mwalimu alikuwa amewafundisha kwamba *in* mwanzoni mwa neno hukanusha. *Correct* ni sahihi, *incorrect* si sahihi. *Complete* ni kamili, *incomplete* si kamili. Na *flame* alijua ni mwali wa moto.

"Haishiki moto, baba. Hata kidogo."

"Una hakika?"

Hakuwa na hakika. Lakini baba alikuwa anamtazama kwa tabasamu lile la fahari.

"Nina hakika," alisema.

Baba alifunga dirisha ili mvua isiingie. Akafungua kopo, akaanza kupaka. Pembeni, jiko la mafuta lilikuwa linachemsha maji ya chai. Harufu ya gundi ikajaa chumbani.

Moto haukuanzia kwenye kopo. Ulianzia hewani, karibu na jiko, ukaifuata harufu mpaka kwenye mikono ya baba iliyolowa gundi.

Mama alimvuta binti nje. Baba alitoka nyuma yao, mikono ameinyoosha mbele kama mtu aliyebeba mzigo. Jirani yao, mwanamke askari wa zimamoto, alikuwa mapumzikoni siku hiyo. Alifika mbio. Mama alikuwa ameshashika dawa ya meno ampake mumewe.

"Dawa ya meno hapana, wifi. Maji safi. Yaache yatiririke juu ya mikono, dakika ishirini. Kisha hospitali."

Gari la zimamoto lilipofika, karakana ilikuwa imebaki kuta.

Baba alilazwa wiki saba. Alirudi hai, lakini vidole vya mkono wa kulia vilijikunja na havikukunjuka tena. Sindano ya makochi ilimponyoka kila alipoishika. Mwishowe aliacha kuishika.

Waliomuuliza aliwaambia, "Nilizembea."

Binti naye alinyamaza. Mwalimu akimwita asome, alisimama kimya mpaka aambiwe akae. Nyumbani hakugusa kitabu. Mama alidhani ni mshtuko, kwamba utaisha.

Alasiri moja askari wa zimamoto alikuja kuwaona. Mkononi alikuwa na kopo tupu la gundi kama ile, la duka lilelile.

"Kaka, nataka kujua ilikuwaje, nikawafundishe mafundi wengine."

"Nilizembea, dada. Sikusoma maandishi."

"Yalisomwa," alisema binti. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Mimi ndiye niliyemsomea. Nilimwambia haishiki moto."

Mama aliweka chini kitambaa alichokuwa anakikunja. Askari alimwomba binti aeleze alivyofikiri. Binti akaeleza yote, machozi yakimtiririka.

"Ulifikiri vizuri, lakini neno lenyewe lina mtego," alisema askari. "*In* ya hapa haikanushi. Neno limetokana na *inflame*, yaani kuwasha moto. *Inflammable* ni kitu kinachoshika moto upesi. *Flammable* ni hivyohivyo. Kisichoshika moto huandikwa *non-flammable*."

"Maneno mawili, maana moja?" aliuliza baba.

"Ndiyo, kaka. Hata wenye Kiingereza chao walichanganyikiwa hapo. Ndiyo maana siku hizi viwanda vingi huandika *flammable*."

Kisha aliibandua karatasi ya bei kwenye kopo lake. Chini yake palikuwa na picha ya mwali wa moto.

"Muuzaji aliifunika. Ukiiona picha hii kwenye kitu, kipake nje au penye hewa nyingi, mbali na jiko, mshumaa na sigara. Na kopo lifunikwe."

"Kwa hiyo si kosa langu, shangazi?"

Askari aliliweka kopo chini. "Neno hukulijua, na hilo si kosa. Ila ulipoulizwa kama una hakika, ungesema hujui."

"Na mimi nilimuuliza mtoto swali la mtu mzima," alisema baba. "Nilipenda kumsikia akijibu." Alimgeukia binti yake. "Nikanyamaza nikidhani nakulinda. Kumbe nimekuacha peke yako."

Binti alikaa karibu naye. Mkono wa baba ulimlemea begani, mgumu, na hakuuondoa.

Miezi ilipita. Walianza tena uani, mbele ya nyumba, chini ya mabati manne. Sasa mama ndiye aliyeshika sindano, na baba akamwelekeza kwa mdomo. Mara nyingine alisimama ghafla ili amsaidie, kisha akakumbuka, akaketi. Jiko lilihamia nyuma ya nyumba, na halikurudi.

Gundi mpya ilipoletwa, baba aliiweka mbele ya binti yake. Binti aliligeuza kopo. Kisha akasoma kwa sauti, kwa mara ya kwanza tangu siku ile.

"*Flammable*. Inashika moto." Akaendelea, kisha akasita. "Hapa pameandikwa *volatile*. Hili silijui, baba."

"Hulijui?"

"Silijui. Nitamuuliza shangazi wa zimamoto akitoka kazini."

Mama aliichomeka sindano kwenye kitambaa. Baba alilisukuma kopo kando kwa mguu, likiwa bado limefungwa.

"Haya," alisema. "Tumngoje."