Aliyeketi Miguuni pa Kitanda

Godoro lilibonyea upande wa miguuni, polepole, kama linavyobonyea mtu mzima anapoketi avue viatu. Msasa aliinua shingo akatazama. Hapakuwa na mtu. Shuka lilikuwa limezama kishimo, na kile kishimo kilikuwa kinapanda na kushuka kama kifua kinachopumua.

"Vipi tena?" mkewe aliuliza.

"Hamna kitu."

Na kweli hapakuwa na kitu tena, maana hata ule moto mdogo uliokuwa umeanza mwilini mwake ulizimika palepale. Akageukia ukutani. Mkewe akavuta upande wake wa shuka kwa nguvu.

Msasa alikuwa seremala, kijana mwenye mabega mapana, na jina hilo alipewa karakanani kwa ajili ya subira yake ya kusugua ubao mpaka ukateleza kama shavu la mtoto. Kazi yao kubwa ilikuwa vitanda. Wateja wengi walikuwa maharusi, na hakuna kitanda kilichotoka pale bila kusindikizwa na maneno ya fundi mwenzake waliyemwita Redio, kwa kuwa mdomo wake haukuwa na kitufe cha kuzimia.

"Pigilieni chaga vizuri," Redio alizoea kusema, "bwana harusi asije akatulaumu. Ila kama jogoo wake hawiki, hata mkeka unamtosha."

Karakana nzima ilikuwa inaangua kicheko. Msasa naye alicheka, tena kwa sauti.

Kisha akaoa. Usiku wa harusi alikuwa amechoka hajiwezi, mwili ukakataa. Mkewe, msusi mwenye vidole vyepesi na ulimi usiozunguka, alimpigapiga begani akamwambia, "Lala, mume wangu. Kwani tunahama?" Yangeishia hapo. Lakini Msasa hakulala. Kile kicheko cha karakana kilimzunguka kichwani mpaka kukapambazuka, na siku ya pili alipanda kitandani akijitazama mwenyewe kama mwanafunzi aliyeitwa ubaoni. Mwili ukakataa tena.

Ndipo alipomwendea muuza dawa wa barabarani, yule mwenye kipaza sauti anayetangaza aibu za watu mchana kweupe, akatoka na chupa isiyo na maandishi. Dawa ilinuka kwato zilizoungua. Aliinywa amejifungia bafuni. Moyo ulimwenda mbio, jasho likamtoka, masikio yakavuma, na huko kulikotakiwa habari hakukuwa na habari. Jioni ileile ndipo godoro lilipobonyea.

Tangu hapo yule kitu hakukosa. Wawili hao wakikaa mbalimbali, chumba kilikuwa chumba tu. Wakisogeleana, harufu ya kwato inaingia, godoro linabonyea, halafu kinasikika kile kikohozi kidogo cha mtu anayejiweka sawa kabla ya mchezo kuanza. Mwisho ikaja sauti. Ilikuwa sauti ya upole, ya mtu aliyelipia kiti chake.

"Haya, tuone."

"Umesikia?" Msasa alimnong'oneza mkewe.

"Nimesikia nini? Mbona unatetemeka?"

Alinyanyuka akavaa, akatoka uani akasimama gizani kwa hasira, hajui amkasirikie nani.

Hasira ikageuka kuwa ndiyo lugha yake nyumbani. Chakula kina chumvi, hakina chumvi. Wateja wa mkewe wanapiga kelele barazani. Mlango umefungwaje namna hii? Alianza kurudi jioni sana, akikaa karakanani anasugua mbao zilizokwisha kusuguliwa. Mama yake alipokuja kuwasalimia, akaona ile hali, akamvuta mkwewe jikoni.

"Mwanangu alikuwa mzima kabla hajakuoa."

Msusi aliweka mwiko chini. "Mama, nakuheshimu sana. Lakini mwanao bado ni mzima. Anachokosa ni mdomo wa kuniambia yanayomsumbua, na mdomo huo sikumnyang'anya mimi."

Mama mtu aliondoka hajamaliza chai yake.

Siku ya mapumziko, jua likiwa bado kali dirishani, msusi alimfuata mumewe chumbani akafunga mlango.

"Kama una mwingine, sema. Nimechoka kulala na mgongo."

"Sina mtu."

"Basi mimi ndiye ninayekukinaisha?"

"Nimesema niache!"

"Siachi! Ni nyumba yangu hii!"

Msasa aliinua mkono. Hajawahi kumpiga mtu maishani, lakini mkono ulikuwa juu, umekunjwa ngumi, na nyuma yake kitandani mtu akacheka. Kilikuwa kicheko kile cha karakana, cha wanaume wengi kwa pamoja, kikitoka katika koo moja. Mkewe hakuwa anauangalia mkono. Alikuwa anaangalia kioo cha kabati.

"Nani huyo?" aliuliza, na sauti yake ilikuwa imekauka kabisa.

Kiooni, miguuni pa kitanda, aliketi mtu amekunja nne. Alikuwa na uso wa Msasa, mabega ya Msasa, hata kovu la patasi kidoleni. Macho tu ndiyo hayakuwa yake. Hayakuwa na kope, na hayakufumba.

Mkono wa Msasa ulishuka. "Unamwona?" alisema, akaanza kulia kwa sauti kama mtoto. "Unamwona kweli? Nilidhani nimepata wazimu."

Mtaani kulikuwa na mtabibu wa majini, mwanamke mwembamba aliyeitwa Bibi Shubiri kwa uchungu wa maneno yake. Hata salamu hakuiitikia vizuri, akasikiliza habari ya chupa mpaka mwisho.

"Mwingine tena!" alifoka. "Vijana wazima mnakunywa maji ya barabarani, kisha mnakuja kwangu mmelogwa! Hospitali umekwenda?"

"Bado, bibi."

"Nenda wakupime sukari, wakupime presha, na mengine wanayoyajua wao. Mimi sitibu ugonjwa usio wangu."

Walikwenda. Daktari alimpima, akamwuliza maswali bila kucheka hata mara moja, akamwambia mwili hauna kasoro ila hofu peke yake inatosha kuuzima, tena vijana wanaomjia na jambo hilo ni wengi kuliko anavyofikiri. Kuhusu chupa alikunja uso: ingeweza kumsimamisha moyo.

Waliporudi, Bibi Shubiri aliinusa ile chupa, akaenda kuimwaga chooni, akarudi anafuta mikono.

"Jini huyo hajafunga chochote mwilini mwako," alisema. "Kazi yake ni kutazama. Anakula aibu ya mtu anayejificha. Kila unapojitazama, unamsogezea kiti."

"Nifanye nini, bibi?"

"Msifanye kitu. Laleni pamoja, shikaneni mikono, zungumzeni. Hilo jingine nimelipiga marufuku. Amekuja kuona mchezo, mnyimeni mchezo. Atakasirika. Akikasirika, mwambie mkeo kila unachokiogopa, kwa sauti, na huyo jini asikie."

Msusi alikuwa amekaa amefumbata mikono. "Mimi mwenyewe nina hasira, bibi. Nimetukanwa na mama yake, nusura nipigwe ngumi."

"Hasira nzuri. Kampe mwenyewe anayestahili."

Jioni za mwanzo yule kitu aliketi tu, akakohoa, akajigeuzageuza kama mtu aliyecheleweshewa. "Haya, tuone," alisema. Wao wakazungumza habari za wateja na habari za mbao. "Tuone," akasema tena, safari hii kwa ukali, na chaga zikalia.

Jioni moja mvua ilikuwa inayapiga mabati, taa inawaka, na wao wamelala mikono imeshikana, pale harufu ya kwato ilipoingia nzito hata machozi yakawatoka, na godoro likazama kuliko siku zote, likaendelea kuzama mpaka miguu yao ikateleza kuelekea kule kwenye shimo, na yule aliyeketi akageuza uso wake, akawa Redio, akawa marehemu baba yake Msasa, akawa muuza dawa na kipaza sauti chake, nyuso zinapishana upesi na macho ni yaleyale yasiyofumba, na kila uso unasema tuone, tuone, tuone, mpaka ukawa uso wa msusi mwenyewe, umejaa dharau, na mkono wa baridi ukatoka ukamshika msusi wa kweli kifundo cha mguu.

Msusi aliketi wima.

"Toka kitandani kwangu!" alipiga kelele hata mvua ikafunikwa. "Nani alikualika? Uso wangu huo umeuiba wapi? Mimi sijawahi kumtazama mume wangu hivyo! Shenzi!"

Mkono uliachia. Lile umbo likamgeukia Msasa, likainama karibu, pumzi yake ikimchoma shavu. "Mwambie," lilinong'ona. "Mwambie wewe ni nani."

Msasa alimtazama mkewe, hakulitazama lile umbo.

"Naogopa," alisema. "Nimeshindwa, na kila nikikusogelea naogopa kushindwa tena. Naogopa utaondoka. Naogopa wenzangu watajua. Nilikunywa sumu kwa kuogopa. Nilikuinulia mkono kwa kuogopa, na hilo ndilo linalonitia aibu, hilo lingine si kitu." Hapo hasira ikampanda, akageuka. "Umesikia? Mke wangu anajua yote. Umebaki na nini?"

Macho yasiyo na kope yalimkodolea. Kisha, kwa mara ya kwanza, yakafumba. Godoro likainuka. Miguu mizito ikavuka chumba, mlango ukafunguka, ukabamizwa hata plasta ikadondoka, na nje mbwa wa jirani akabweka akikifuata kitu barabarani mpaka sauti yake ikapotea.

Mwili wa Msasa ulirudi kwa wakati wake. Siku nyingine ulikubali, siku nyingine ulikataa, na ukikataa mkewe alimkanyaga mguu wakacheka, wakalala.

Muda si mrefu bwana harusi mmoja alikuja karakanani kuchukua kitanda. Redio akafungua mdomo. "Kaka, kitanda ni imara. Sasa wewe mwenyewe..."

"Nyamaza!" Msasa alitupa randa mezani. "Mimi hapa nilioa nikashindwa, tena si mara moja. Nusura nife kwa ajili ya mdomo wako huo. Haya, nimesema. Cheka!"

Misumeno ilisimama. Redio alicheka peke yake, kicheko kikamkatikia kooni. Bwana harusi akampa Msasa mkono.

Baadaye Msasa aliingia stoo kutafuta vanishi. Redio alimfuata, akarudisha mlango. Kwa karibu hivi macho yake yalionekana mekundu, ya mtu asiyelala.

"Wako," alinong'ona, "alikuwa anakaa wapi?"

Msasa, ambaye karakanani hakuwa amesema neno hata moja juu ya jini, aliacha kutafuta vanishi. "Miguuni."

Redio aliegemea mlango.

"Wangu analala katikati yetu. Na mke wangu ameshaanza kumwitikia."