Lulu Moja ya Mkufu wa Bibi

Dobi alikuwa mtu wa weupe. Inzi akitua kwenye shati alilolifua yeye, huteleza, akainuka, akaomba radhi.

Binti yake alikuwa anaolewa Jumamosi. Alitaka kuvaa mkufu wa lulu wa marehemu bibi yake. Lakini uzi ulikatika, lulu moja ikapotea. Dobi na mkewe wakaenda kwa sonara kutafuta ya kuziba pengo.

"Nimeipata!" dobi akasema. "Nyeupe pe! Hizo zako zimefubaa, mama watoto. Nipe nizitie dawa ya madoa."

Mkewe akaukumbatia mkufu. "Thubutu! Mama yangu hakuwa shuka."

Sonara, mama mwenye miwani puani, akacheka. "Dawa hiyo itazila, shemeji. Hazijachafuka. Ndiyo rangi yake."

"Kwani lulu si tone la mvua lililomezwa na chaza?"

"Nani kakwambia?"

"Mimi mwenyewe."

"Basi leo mwambie mwingine. Chaza ni mnyama laini, anakaa ndani ya kombe. Kidudu kikimwingia, hana mkono wa kukitoa. Hukifunika kwa utando unaong'aa, safu juu ya safu, miaka. Hiyo ndiyo lulu. Siku hizi watu huwafuga chaza na kuwapandikizia kitu makusudi. Nayo ni lulu ya kweli. Hiyo uliyoshika ni plastiki."

"Nitajuaje?"

"Isugue taratibu kwenye meno. Ya kweli hukwaruza kidogo. Ya bandia huteleza."

Dobi akasugua moja, akasugua nyingine. "Zote zinateleza!"

"Baba watoto," mkewe akanong'ona, "na meno yako je? Si ya bandia?"

Akasugua yeye. Kisha wakatoka mlangoni penye mwanga wa jua, wakalinganisha lulu zilizokwaruza na zile za zamani: mng'ao kwanza, halafu rangi na ukubwa. Mkewe akachagua moja.

"Hiyo ina kovu!" dobi akalalamika.

"Hata wewe unalo, na nilikuchagua."

Sonara akazitunga upya, fundo kati ya kila lulu, ili uzi ukikatika zisitawanyike. "Bibi harusi ajipulizie manukato kwanza, lulu mwisho," akawaonya. "Akivua, azifute kwa kitambaa laini."

Jumamosi dobi akaikagua shingo ya binti yake mpaka bwana harusi akakohoa.

"Mama watoto, mpya ni ipi?"

Mkewe akatazama kushoto, akatazama kulia. Akacheka huku akijifuta machozi.

"Hata mimi siioni tena."